Isale la Gerson

Siku Anande aliporudi chuoni baada ya kumzika mumewe, alivaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akapita katikati ya soko la Maji ya Chai. Ilikuwepo njia ya mashambani, fupi, yenye kivuli na isiyo na macho ya watu. Aliikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Wauza nyanya walinyamaza alipokaribia. Wakamwamkia, wakampa pole, na alipowapa mgongo wakaendelea walipoachia. Mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, kwamba zamani mjane alikaa ndani mpaka ukoo umtoe, siku hizi anatoka mwenyewe na begi mgongoni. Anande akageuka. Akarudi mpaka kwenye meza ya mama huyo, akachagua nyanya taratibu, akizibonyeza moja moja, akalipa, akazitia kwenye begi juu ya vitabu.

"Bado lina nafasi," alimwambia. "Kama kuna maneno mengine, tia tu, nitayabeba."

Yule mama akacheka bila kupenda. Anande akaita bodaboda, akaenda zake.

Alikuwa ameshavuka hamsini. Alipokuwa binti alisoma chuo kikuu Dar es Salaam mwaka mmoja, akarudi nyumbani kujifungua Violet, akaambiwa asubiri mwaka mmoja tu mtoto apate nguvu. Mwaka huo ukazaa mwingine. Ikaja kahawa, wakaja ng'ombe, wakaja wakwe wa kuuguzwa mpaka kufa, na habari ya chuo ikabaki kuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Violet alipomaliza masomo na kupata kazi kwenye ofisi ya watalii mjini, akapanga chumba Sekei, ni Elinami, mumewe Anande, aliyesema mezani kwamba sasa ni zamu ya mama kusoma. Kwa hiyo akaanza upya, mwaka wa kwanza wa sheria, kwenye chuo kilichokuwa upande wa chini wa barabara kuu, pamoja na watoto waliozaliwa Violet akiwa ameshaanza shule.

Mwaka wa pili haujafika mbali, Elinami akapooza upande mmoja. Anande aliomba chuo kimruhusu kuahirisha masomo, akaruhusiwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima, akamlisha, akamkanda mkono kwa mafuta, akamfundisha kushika kijiko, mpaka mgonjwa akaweza kutembea kwa fimbo, na baada ya kutembea akaweza kulalamika. Yeye ndiye aliyemfukuza.

"Nenda kasome," alimwambia. "Unanikalia kama kuku aliyeatamia yai viza."

Jioni Anande aliporudi, ilibidi amsimulie kesi zote za siku hiyo. Elinami alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatoa hukumu. Mara nyingi hukumu yake ilikwenda kinyume na sheria, na rufaa hakuwa anapokea.

Alianguka kwenye kihamba, shamba lao la nyumbani, katikati ya migomba, asubuhi ambayo Anande alikuwa darasani na simu yake imezimwa sauti. Aliyemkuta ni Gerson, mdogo wake Elinami, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Alimbeba peke yake mpaka barazani, lakini hakubeba mtu aliye hai.

Siku ya mazishi, ndugu walipopewa nafasi ya kusema neno, Gerson alishika kipaza sauti. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya turubai. Alisema kaka yake amekufa peke yake kama mtu asiye na nyumba. Alisema mke alikuwepo, ila mke alikuwa na vitabu. Mchungaji akakohoa, akaomba wanakwaya waimbe. Hakuna aliyemkanusha Gerson. Violet alimshika mama yake mkono, na Anande akakaa hivyo hivyo, akiyasikia yale maneno yakiingia na kukaa, kwa sababu alikuwa ameshajiambia mwenyewe kabla shemeji yake hajayasema.

Baada ya hapo ukoo ulikaa. Wakasema mama avae nyeusi mwaka mmoja na asitoke kihambani, kwani kaburi bichi haliachwi bila mtu. Wakasema chuo hakikimbii. Anande akawaeleza, kwa upole, kwamba kinakimbia. Alishaahirisha mara moja, na taratibu za chuo hazina mara ya pili. Asipofanya mitihani ya muhula huu jina lake linafutwa, na akitaka tena aanze kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Gerson akajibu kwamba taratibu za chuo haziendeshi nyumba ya Mmeru.

Hata Violet alikuwa upande wao. Alipiga simu kila jioni kutoka Sekei, akazunguka zunguka, akauliza habari za ng'ombe, kisha akafika alikokuwa anakwenda: Mama, si ni mwaka mmoja tu.

"Mwaka mmoja tu niliambiwa wewe ukiwa mchanga," Anande alimjibu siku moja. "Na sasa wewe mwenyewe unanyoa mvi zisionekane."

Violet akakata simu. Kesho yake akapiga tena, akauliza habari za ng'ombe, akaishia hapo.

Darasani siku ile ya kurudi, wanafunzi wote walisimama alipoingia, kama watoto wa shule ya msingi anapoingia mgeni. Nusura Anande ageuke arudi. Mwalimu, kijana mdogo kuliko Violet, aliacha kuandika ubaoni akampa shikamoo mbele ya wote, kisha akaendelea na somo. Aliyemsogezea kiti ni Twahira, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa mjini, ambaye siku zote walikaa pamoja. Twahira alikuwa amemrekodia vipindi vyote alivyokosa. Alipokuwa anamtumia rekodi hizo kwenye simu, akamwambia kwa aibu kwamba shangazi yake alikaa eda na hakutoka nje, na akauliza kama kwao Anande hakuna haja ya ruhusa.

"Ruhusa ninayo," Anande alisema. "Aliyenipa ndiye niliyemzika."

Wakafungua vitabu.

Basi ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Asubuhi Anande alikamua, akachota maji, akapita sokoni na begi lake. Jioni alisoma kwenye meza ya chakula mpaka macho yakauma. Gerson hakumsemesha, ila kila siku alikata majani ya ng'ombe wa Anande, akayatupa zizini kimya kimya, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mitihani, Violet alikuja kumsaidia kufua. Walikuwa uani, mikono imejaa povu, walipomwona Gerson akikatiza migombani pamoja na Mzee Akyoo, mkubwa wa ukoo. Gerson alivaa koti la kanisani. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Violet akasimama. Anande naye akaitoa mikono kwenye povu. Isale hupandwa mipakani mwa vihamba, na mtoto yeyote wa Meru hupita kando yake akienda kucheza. Lakini likichumwa na kufungwa fundo likaletwa mlangoni, ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa amekuchomea nyumba. Akija na isale, unampokea. Kulikataa ni kujitenga na watu, na watu hawatakuacha usahau.

Waliingia sebuleni. Mzee Akyoo aliketi akalalamikia goti lake. Gerson hakuketi. Alisema amekuja kwa heshima zote, hakuja kwa ugomvi. Alisema watu wanamcheka kila anapopita, kwamba mjane wa kaka yake anazurura na kaburi halijakauka. Akamwomba shemeji yake aache huo mtihani, amalize mwaka wa msiba kama wanawake wengine, na akishavua nyeusi asome mpaka achoke, hakuna atakayemzuia. Kisha akanyoosha mkono wenye jani.

Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa hivyo tangu mazishi. Anande alimtazama, akaelewa kwa nini hakuja na maneno matupu. Kwa maneno alijua hamwezi.

Akajifuta mikono kwenye kanga. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

Mzee Akyoo akashusha pumzi. Violet akainamisha kichwa. Gerson akaanza kugeuka kuelekea mlangoni, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Kaa kwanza, shemeji," Anande alisema. "Isale nimelipokea. Sasa sema kosa."

"Kosa gani?"

"Ndilo ninalokuuliza. Hili huletwa na mkosaji."

Gerson akasema hakuja kwa kosa, amekuja kwa ombi, na kila mtu hapo amelisikia. Anande hakubishana naye. Alimgeukia mzee.

"Baba, mtu akija kuomba binti, au kuomba maji yapite shambani kwako, analeta nini?"

Mzee Akyoo alikuna goti kwa ncha ya fimbo. "Analeta pombe."

"Na isale?"

Nje ng'ombe alilia kudai majani yake.

"Isale ni la kuomba msamaha," mzee alisema mwishowe. "Gerson, jambo hili hukuniuliza njiani."

"Ulikuwa unanieleza habari za goti."

"Ningeliacha goti."

Gerson alilitazama lile jani mikononi mwa shemeji yake. Kulirudisha haiwezekani. Isale lililopokelewa halijawahi kudaiwa na mtu, na yeye hakuwa tayari kuwa wa kwanza. Akavuta kiti. Akaketi kwenye ukingo wake na koti lake la kanisani, mikono katikati ya magoti.

"Nilisema kaka amekufa peke yake," alisema.

"Endelea."

"Nilisema mbele za watu kwamba ni wewe."

"Ni mimi?"

"Hapana. Nilimbeba, shemeji. Alikuwa mzito. Nilitaka mtu wa kumlaumu. Mungu nikamwogopa."

"Mimi hukuniogopa."

"Wewe ulikuwa umekaa karibu."

Violet alianza kulia bila sauti. Anande hakulia. Kwa siku zote zile alikuwa amebeba maneno ya Gerson kama yake mwenyewe, akilala nayo, akiamka nayo, akienda nayo darasani. Sasa mwenye nayo alikuwa amekaa mbele yake na ameyataja. Anande alikumbuka mwaka mzima wa kukanda mkono, na kijiko, na yule mgonjwa aliyekuwa akimfukuza mlangoni kwa fimbo asichelewe kipindi. Akaona kwamba mtu aliyefukuzwa hivyo hajamwacha mtu.

"Nimekusamehe," alisema. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine aliamini itafuata.

"Na mtihani?" Gerson aliuliza.

"Mtihani haumo humu." Alilinyanyua jani walione wote. "Hili limekuleta wewe kwangu. Mimi halijanipeleka popote."

Gerson akamtazama mzee. Mzee Akyoo akasema habari za mitihani hazijui, anachojua ni kwamba isale limeletwa, kosa limetajwa na msamaha umetolewa, basi. Ila kuna kitu kimebaki. Gerson alisema mbele za watu kwa kipaza sauti, kwa hiyo atasema tena mbele za watu, Jumapili ya wiki ijayo baada ya ibada, na hicho kipaza sauti kama kitahitajika kitatafutwa. Gerson aliinamisha kichwa kukubali. Kisha mzee akauliza kama katika nyumba hii siku hizi hawapiki chai.

Walipoondoka, Violet aliosha vikombe, akavipangusa, akavipangusa tena. Akauliza kama mama yake alijua toka mwanzo kwamba Gerson amekosea. Anande akasema alijua pale tu lile jani lilipogusa viganja vyake, kabla ya hapo alikuwa anatetemeka kama mtuhumiwa.

"Na je, angeleta pombe?"

"Ningeinywa," Anande alisema. "Na Jumatatu ningekwenda."

Violet akatazama vikombe. Halafu akasema ameshaomba ruhusa kazini mpaka mitihani iishe, kwa hiyo kupika asihangaike. Alisema haraka haraka, kama mtu anayeongea habari za ng'ombe.

Jumatatu kulikuwa na ukungu, Mlima Meru wote umefunikwa. Anande alivaa nyeusi yake iliyopigwa pasi, akatoka na begi. Alipita kaburini. Udongo ulikuwa bado umeinuka na mashada yamekauka. Hakusimama. Elinami hakupenda mtu achelewe.

Gerson alikuwa migombani na panga, anakata majani. Alimwona anakuja akajifanya hajamwona. Maneno ya sokoni yalikuwa bado mbele, na Jumapili ilikuwa bado mbali.

"Shemeji," Anande aliita. "Ng'ombe hajapewa maji. Mimi nina mtihani."

Gerson alisimama na panga mkononi.

"Unaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Ukiisha nitarudi," Anande alisema, akashika njia ya sokoni.