Mananasi ya Mkwe

Rabia wa Nandagala alikuwa mwongo. Si mimi ninayemsema. Mwenyewe alikiri mbele ya mjomba wake, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa mkekani. Ila uwongo wake ulikuwa wa aina yake. Hakumsingizia mtu, wala hakuficha cha jirani. Alichokifanya ni kupokea neno chungu mlango huu, kulitia asali njiani, na kulifikisha mlango wa pili likiwa limekwisha lainika. Njia yenyewe ilikuwa hatua thelathini tu, kutoka nyumba ya mama yake hadi nyumba aliyokaa na mumewe, lakini zilimtosha.

Na kazi hiyo hakuiomba. Kwao mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, akalima hapo, watu wakamwona ni mtu wa namna gani. Tena mkwe na mama mkwe hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja hupotelea kichakani kana kwamba kuni zimemwita. Mwenye neno kwa mwenziwe hutafuta wa kumtuma, na katika nyumba hizo mbili wa kutumwa alikuwa Rabia peke yake. Hali hukaa hivyo mpaka mama mkwe mwenyewe aamue kuvunja ukimya, na wako walioingia nao kaburini. Bi Mwantumu, mama yake Rabia, alionekana ni wa hao.

Mume wake Rabia aliitwa Isihaka, mtu wa upande wa Nachingwea, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Miaka yote ya ile kazi kubwa ya karanga za Wazungu alikuwa Nachingwea, akiosha vyombo katika jiko la mpishi mmoja aitwaye Kornel. Mwaka wa hamsini na moja kazi ilipofifia na watu wakapunguzwa, wenzake walirudi makwao na mablanketi, na baiskeli, na makoti. Isihaka aliingia Nandagala kwa wakwe na gunia moja begani. Majirani walilikodolea macho gunia lile. Alipolifungua, vilitoka vishungi kumi na viwili vya mananasi, vile vichwa vya majani ambavyo Kornel alikuwa akivikata na kuvitupa kila Wazungu walipokula tunda.

Alivining'iniza chini ya upenu wiki nzima, vichwa chini, vikauke jeraha. Mvua zilipoanza akavipanda nyuma ya nyumba yake, mstari mmoja, akaviwekea majivu na nyasi kavu. Vitatu vilioza. Tisa vilishika, na Isihaka alivitunza kama mtu anayelea mapacha. Asubuhi kabla ya kwenda shamba alivitazama, jioni akirudi alivitazama tena, na Rabia alimpenda zaidi kwa hilo, ijapokuwa alimcheka.

Sasa, mtu ambaye hajawahi kuona mnanasi mchanga hawezi kulaumiwa. Majani marefu, magumu, yenye miiba, yamesimama yakielekea juu. Bi Mwantumu alipita njia ya kisimani na ndoo yake kichwani, akatupa jicho nyuma ya nyumba ya mkwewe, na moyo ukamlipuka. Aliona katani.

Na katani kwake si mmea, ni msiba. Marehemu mumewe, baba yake Rabia, alikwenda kukata mkonge huko upande wa Lindi akiwa na macho mawili, akarudi na moja, na kifua kilichokohoa mpaka kilipomzika. Tangu hapo hata kamba ya katani hakuitaka nyumbani. Mbuzi wake alimfunga kwa kamba ya magome. Alimwita bintiye siku ile ile. Alimtaka amwambie mumewe ang'oe uchafu ule, la sivyo atamwita mjomba Halfani kutoka Mbwemkuru, na mjomba akija, mkwe atakunja mkeka wake arudi alikotoka.

Rabia alijaribu kusema kweli, hilo tumpe. Alimweleza mama yake kwamba yale ni mananasi. Bi Mwantumu alimtazama kwa huruma. Nanasi alikuwa ameliona Lindi kwa macho yake, akasema, lina magamba kama fenesi, na fenesi linaota wapi? Mtini. Nani alishaona tunda la ukubwa ule likiota chini, katikati ya miiba? Rabia na yeye alikuwa hajaona. Usiku mwingine hata alijiuliza kama Kornel hakumfanyia mumewe mzaha.

Basi alizianza zile hatua thelathini na ujumbe mdomoni. Alimjua Isihaka. Angeambiwa neno lile angechukua jembe saa hiyo hiyo, angeng'oa yote bila kubisha, na baada ya hapo asingekuwa na uso wa kukaa pale. Angeaga kwa adabu, angeondoka. Na Rabia hakutaka kuishi bila Isihaka, na hakutaka kuishi mbali na mama yake. Alipofika hatua ya ishirini hivi, ujumbe ulikuwa umebadilika. Alimwambia mumewe kwamba mama anauliza mimea inaendeleaje.

Isihaka alifurahi mpaka akasahau kula. Alimtuma mkewe arudi kwa mama na shukrani, na kumwahidi kwamba, kwa kuwa anaipenda, ataongeza mingine karibu naye aione vizuri. Rabia akarudi. Akamwambia mama yake kwamba mkwe anaomba radhi sana, na atayang'oa mvua zikiisha.

Ndivyo walivyoishi, na walikula vizuri, na mtama ulizaa, na mtu angepita pale angesema hakuna nyumba mbili zenye amani kuliko hizo. Mvua zikaisha. Isihaka akatembea mpaka Nachingwea kwa Kornel, akarudi na vishungi sita vingine, akavipanda mstari wa pili, umeelekea mlango wa Bi Mwantumu. Mama wa watu aliamka asubuhi akaona katani inamjia. Alituma neno kali zaidi. Rabia alifikisha salamu na mchicha. Isihaka alirudisha shukrani. Rabia alifikisha radhi, na kisingizio kwamba jembe limevunjika mpini. Ikapita mvua ya pili. Rabia alikonda kidogo, watu wakadhani ana mimba.

Mwezi wa saba wa mwaka wa hamsini na tatu, Bi Mwantumu alichoka. Kuing'oa mwenyewe hakuweza. Mama mkwe kugusa kilichopandwa na mkwewe ni aibu, ni kama kumvua nguo. Lakini uwanja wake ni wake, na akiwasha moto kwake nani atamuuliza? Alikusanya mabua ya ufuta, magunzi, majani mabichi na samadi, akarundika upande wake, mahali ambapo upepo wa kusi ungeubeba moshi moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba ya Isihaka. Akawasha, akaufunika usilipuke. Siku tano moshi ule ulilala juu ya mimea. Rabia alifua nguo mara mbili na bado zikanuka. Alijua mama yake anafanya nini.

Isihaka alirudi kutoka shamba siku ya kwanza, akasimama, akaangalia moshi, akakaa chini. Rabia alidhani sasa yamekwisha. Kumbe mumewe alikuwa na machozi ya furaha. Alimweleza kwamba Kornel alimfundisha: kwao mananasi yakichelewa kuzaa hufukizwa moshi, siku kadhaa mfululizo, nayo hushtuka yakatoa maua. Yeye alikuwa akitaka kufanya hivyo tangu mwezi uliopita, ila aliogopa kumsumbua mama kwa moshi. Na mama, bila kuombwa, amemfanyia. Wala yeye hakujua kwamba mama anayajua mambo hayo.

"Mwambie mama asante kwa moshi," alisema. "Mwambie tangu nizaliwe sijasaidiwa hivi."

Rabia alizipiga zile hatua thelathini mbio. Kwa mara ya kwanza katika mwaka na nusu alikuwa na ujumbe mzuri usiohitaji asali, na aliufikisha neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Masikini Rabia. Siku aliyosema kweli ndiyo siku aliyoharibu. Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho, akaufunga mdomo, akafungua, akasema kwamba mkwe huyu sasa anamcheka waziwazi. Jioni ile ile alimtuma mtu Mbwemkuru kwa kaka yake Halfani. Na tangu siku hiyo akasusa njia ya kisimani. Alizungukia kule mbali ili asiione nyuma ya nyumba ile, na Rabia akikaribia na habari za mumewe, alimwambia azimeze.

Mjomba Halfani hakuwa mtu wa kukurupuka. Alijibu kwamba anakuja, ila kwanza ufuta. Baada ya ufuta zikaja korosho. Baada ya korosho akafiwa na jirani. Mwezi wa tisa, katikati ya kila mmea wa ile tisa ya kwanza, kulichomoza kitu chekundu, kikavimba, kikatoa maua madogo ya zambarau, yakakauka. Na chini yake nanasi likaanza kujijenga, gamba kwa gamba. Yote tisa kwa pamoja. Rabia alikaa mbele yake akicheka peke yake. Alifurahi kwa ajili ya mumewe, akafurahi kwamba yeye mwenyewe hakuolewa na mjinga, kisha akakumbuka mjomba na furaha ikapungua. Mananasi yalikuwa yanakuja, lakini uwongo wake nao ulikuwa unakuja kujulikana, na hakujua ni kipi kitamwondoa Isihaka kati ya katani isiyokuwepo na mke asiyesema kweli.

Mjomba Halfani alifika mwezi wa kwanza, kati ya mvua mbili, na mwavuli wake. Akakaa mkekani barazani kwa dada yake. Bi Mwantumu alikaa ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa, kama ilivyopasa. Isihaka alikaa uwanjani, macho chini. Rabia akawekwa katikati, apokee na kufikisha kama kawaida.

Mjomba aliona njia hiyo ni ndefu. Alimwuliza Isihaka mwenyewe kwa nini, ameambiwa mara nne aondoe katani, mara nne amekataa. Isihaka aliinua macho kwa mshangao, akayashusha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna siku aliyoambiwa hivyo. Yeye aliambiwa mama anauliza mimea inaendeleaje, ndiyo maana akaongeza mstari wa pili. Nyuma ya mlango Bi Mwantumu akasema, akimwambia kaka yake, kwamba yeye aliletewa radhi na ahadi za kung'oa, na habari ya mpini uliovunjika. Isihaka akasema mpini wake haujavunjika hata mara moja.

Kisha mmoja mmoja wakamgeukia Rabia, na hata mlango ukafunguka kidogo.

"Ni mimi," alisema Rabia. "Maneno yale niliyatunga mimi. Mngesikia yale yenyewe, mmoja wenu angeondoka, na mimi nilitaka kukaa na wote wawili."

Akalia, bila kujificha. Mjomba Halfani alijikohoza, akautazama mwavuli wake, akamwuliza Isihaka, kwa kukosa la kusema, hiyo katani yenyewe iko wapi aione. Isihaka aliinuka. Hakumpeleka mtu, alikwenda nyuma ya nyumba na panga, akarudi na nanasi moja mikononi, la manjano kutoka kitakoni hadi begani, na harufu yake ikaingia barazani kabla yake. Alilimenya palepale kwenye ungo, akalikata vipande, akakiweka kichwa cha majani pembeni kwa uangalifu. Mjomba akala kimoja. Akala cha pili. Cha tatu akampa Rabia, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Rabia akapenyeza mkono nyuma ya mlango, na kipande kikachukuliwa. Kisha mkono ukatoka peke yake, kiganja juu, ukiomba kingine. Kipande cha pili kilipokwisha, mlango ulifunguliwa wote, na Bi Mwantumu akatoka, khanga kichwani, maji ya nanasi kidevuni. Akaketi mkekani, uso kwa uso na mkwewe, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, na Isihaka akainamisha kichwa mpaka goti.

"Rabia, mwambie mumeo..." alianza Bi Mwantumu, kisha akakatiza. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu, mtu anavyotazama mtungi uliotoboka. "Hapana. Wewe hutumiki. Nitamwambia mwenyewe."

Akajirekebisha khanga.

"Isihaka. Ule moshi niliuwasha nikuulie mimea yako."

Isihaka alipojibu hakuinua kichwa, lakini Rabia aliona shavu lake linacheza.

"Nimesikia, mama," alisema. "Basi nakuomba mwaka huu uwashe tena."

Mjomba Halfani alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na Bi Mwantumu, ambaye hakupenda kuchekwa, akajikuta anacheka naye. Rabia alikuwa amekwisha fungua mdomo, kwa mazoea tu, alilainishe lile jibu kabla halijafika. Akaona limefika lenyewe, na hakuna anayemngoja. Akaufunga, akachukua kipande chake cha nanasi, akala.