Mchezo Uliokataa Kaburi

Mbali kupita ramani zote, nawe usiniulize njia maana hata mimi sikuonyeshwa, ipo nchi iitwayo Fumbato, ambayo watu wake waliamini kuwa kitu azizi ni kile tu ambacho mwingine hajui kimetengenezwaje. Michezo yao, masanduku ya mbao yenye mkono wa kuzungushia na wanyama wadogo waliokimbia juu ya kifuniko, iliuzwa ikiwa imepigwa misumari pande zote, na aliyethubutu kuchungulia ndani alihesabiwa mwizi. Fundi akifa, askari walipita nyumba kwa nyumba wakayakusanya masanduku yake, wakayafukia pamoja naye, na mji ukakaa matanga ya fundi na ya michezo yake. Nao, masikini, waliiita hiyo heshima.

Fundi Stadi alipofariki, mjane wake, Bi Udadisi, hakutulia hata kidogo. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mume amekwenda, je, na Mbio za Paa, mchezo aliotumia ujana wake wote kuutunga, nao uende? Moyo ulimkataa. Kabla askari hawajapiga hodi aling'oa misumari, akachora kila gurudumu na kila jino lake, kisha, askari walipokwisha kuyachukua masanduku, katika banda la marehemu akafungua Ghala Huria, ambamo michezo ilikaa rafuni matumbo wazi na michoro yake ikining'inia kando. Sharti lilikuwa jepesi: chukua, nakili, geuza upendavyo, ila ukigeuza leta mchoro wa mageuzi yako ili na wengine wafaidi. Wachukuzi wa chumvi waliisambaza michoro hadi masoko ya mbali, na wakirudi walileta mingine ambayo mjane hakuwahi kuiota. Hata mafundi wengine, wakikumbuka kuwa na wao watakufa, walianza kuyaleta masanduku yao kwa kificho.

Habari zikamfikia Kadhi Takaburi. Mbele ya hadhara aliamuru Mbio za Paa zote zikusanywe zikazikwe kaburini mwa Fundi Stadi, na ghala libomolewe. Bi Udadisi alieleza kwamba hata yeye hajui tena kazi ipi ni ya mumewe na ipi ni ya watu, lakini Kadhi hakutaka kusikia. Masanduku yakaletwa hadi ua wa mahakama ukajaa: yenye paa, yenye sungura, yenye mkono wa kuzungushia kwa kushoto. Mwisho akaingia mama yake Kadhi, Bi Faragha, asiyeona, amelikumbatia la kwake huku jirani akimshika mkono.

"Mama, nipe hilo," alisema Kadhi kwa taadhima. "Sheria yasema mchezo huzikwa na aliyeutengeneza."

"Naijua sheria, baba. Papasa hapa kwanza."

Kadhi alipapasa. Kando ya njia ya paa palikuwa na vitundu vidogo, vya kuvifuata kwa kidole hadi umjue paa aliyetangulia.

"Vitundu hivyo nimevitoboa mimi, na mchoro wake uko ghalani. Huyu jirani akaongeza kengele. Watengenezaji tumekuwa wengi, mwanangu. Haya, anza na mimi, nizike."

Kadhi aliondoa mkono kwenye sanduku. Kisha akawaambia askari wayarudishe yote yalikotoka, na la mama yake akalibeba mwenyewe. Bi Udadisi, ambaye tangu msiba hakuwahi kukaa akatulia, aliketi chini palepale uani akamlilia mumewe.