Setilaiti Haioni Tembo

Siku tatu mfululizo nilimpigia simu Anselm, ofisa wa wanyamapori aliyeletwa kutoka Bukoba hadi kijijini kwetu Robanda, kando ya hifadhi, nikamwambia tembo wako shambani kwangu. Siku zote tatu gari halikuwa na mafuta. Tembo wakafyeka nusu ya mtama, tena mchana kweupe, washenzi wale.

Siku ya nne, saa saba mchana, nikachoma lundo la mabua makavu pembeni mwa shamba. Kufika saa tisa, magari mawili yamesimama mlangoni, askari kumi, na Anselm mbele na simu yake mkononi.

"Shikamoo, mama. Setilaiti imeona moto hapa."

"Marahaba. Iko wapi hiyo setilaiti?"

"Juu angani. Haikosi kitu."

Nikamgeuza kichwa upande wa pili wa shamba, ambako tembo sita walikuwa wanatafuna bila wasiwasi.

"Na hao, haijawaona?"

Akajikuna kisogo. "Mama, inaona vinavyowaka tu."

Kwa kuwa walishafika, waliwafukuza tembo. Tangu siku hiyo simsumbui Anselm kwa simu. Tembo wakiingia, natafuta kiberiti.