Nyota ya Jirani

Ofisini kwao walikuwa wanapaka rangi, kwa hiyo binti yangu alitazama nyota kwenye meza yangu ya chakula, saa nne asubuhi, akiwa na nguo za kulalia na nywele hazijachanwa.

"Mchana huu unatazama nyota gani?"

"Darubini iko ng'ambo, mama. Huko ni usiku. Mimi naiongoza kwa kompyuta tu."

"Haya. Toa viwiko kwenye kitambaa changu."

Namwita Profesa tangu akiwa mdogo, kwa ubishi, si kwa elimu. Elimu ilikuja baadaye. Anachunguza nyota moja. Moja! Anaamini kuna sayari inayoizunguka, na kila ikipita mbele yake, mwanga wa nyota hufifia kidogo. Alishaiona ikififia mara moja. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na mkuu wake alimwambia wazi: ifumanie mara ya pili, tukuongezee muda, la sivyo, tusameheane. Kwa hesabu zake, siku ya kuifumania ndiyo hiyo.

Nilizima redio. Nilizima hata pasi, nguo zimebaki na makunyanzi, umeme usije ukakatika nikalaumiwa mimi. Kwenye kompyuta vitone vilijipanga mstari, kila kimoja kipimo cha mwanga wa nyota yake. Tukakaa. Mara vikaanza kushuka.

"Mama! Inafifia!"

Nilipiga kigelegele mpaka mbwa wa mtaani wakaitikia. Papo hapo nikampigia dada yangu, ambaye ukishamwambia jambo huna haja ya kumwambia mtu mwingine.

Kugeuka, mtoto kashika kichwa.

"Nini tena?"

"Nimeangalia nyota ya jirani yake. Yangu ikififia peke yake, ni sayari. Zikififia zote..."

"Zimefifia zote?"

"Zote. Ni wingu tu, mama. Limepita juu ya darubini."

Dada yangu alikuwa bado hewani, kwenye spika, anasikia kila kitu. "Sasa si anyamaze? Nani atapanda huko juu kuhakikisha?"

"Mama mkubwa, kuna watu kazi yao ndiyo hiyo. Wa kwanza ni mimi."

Akachukua simu yake, akampigia mkuu wake palepale. Nikamsikia yule baba akishangilia, maana naye alikuwa akiviona vitone vilevile. Mimi ningemeza mate kwanza. Yeye alisema tu, "Hapana, mkuu. Ni wingu. Sina kitu."

Mkuu akaacha kushangilia, akauliza:

"Inapita tena lini?"

"Baada ya wiki tano."

"Mkataba wako utakuwa umeisha."

"Najua."

"Basi tutausogeza ufike hapo. Mtu wa kuniambia 'sina kitu' simpati kila siku. Ila ukishafika, hiyo nyota ijitetee yenyewe."

Alipokata simu alilia kidogo, kisha akacheka. Nikampa chai, nikaanza kumchana zile nywele kwa sababu uvumilivu ulikuwa umenishinda. Kichwa kilikuwa cha moto, kama alipokuwa mdogo akiugua homa.

"Siku hiyo utakuja kutazamia hapa?"

"Ofisini watakuwa wameshamaliza kupaka rangi."

"Nimekuuliza habari za ofisi?"

Akaniegemea. "Nitakuja. Lakini simu yako nitaishika mimi."

Kutoka mezani ikasikika sauti ya dada yangu, ambaye nilisahau kumkatia: "Sasa mimi nitajuaje?"