Moyo wa Fundi Ndalahwa

"Toa pumzi yote, Mzee. Halafu uizuie."

Kijana alijitahidi kuikaza sauti, lakini ilimponyoka. Ndalahwa alitoa pumzi. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto kwenye kitanda cha chuma, kifua wazi, uso ameuelekeza dirishani ambako majabali ya Mwanza yalikuwa yameanza kupata joto la asubuhi. Kijana yule, Shimba, alikuwa katika mtihani wake wa mwisho wa udaktari msaidizi. Alikuwa ameinama juu yake, mipira ya stetoskopu masikioni, kichwa cha chuma cha chombo hicho kikitambaa juu ya mbavu za mgonjwa kama konokono aliyepotea njia. Nyuma yao Dokta Teodora, mwalimu wa magonjwa ya moyo, alisimama kimya, mikono nyuma. Siku ya mtihani hata kikohozi alikimeza.

"Unasikia nini?" hatimaye aliuliza.

"Mapigo, Dokta."

"Hata mimi ninayo mapigo. Endelea."

Jasho la Shimba lilidondoka kwenye shuka. Ndalahwa alilitazama doa likitanuka. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda kilima hiki kila chuo kilipofanya mitihani, na sharti alilopewa lilikuwa moja tu: asimwambie mwanafunzi anaumwa nini. Alipokuwa kijana huko Misungwi, koo lilimuuma, viungo vikavimba, watu wakasema amerogwa. Alipona, akaoa, akawa fundi cherehani. Kumbe ndani ya moyo kilango kimoja kilikuwa kimekakamaa, hakifunguki sawasawa, na damu ilipojipenyeza pale ilinguruma. Ngurumo ile ilikuwa ya chinichini. Ukiikandamiza inazimika, ukiwa na pupa inakupita.

Na Shimba alikuwa anakandamiza. Alikandamiza kama mtu anayegonga muhuri.

Legeza mkono, mwanangu, Ndalahwa aliomba moyoni. Kusema hakuruhusiwa, lakini hakuna aliyemkataza kuzuia pumzi. Aliizuia. Aliizuia hadi dirisha likaanza kuelea na machozi yakamtoka. Kijana aliyaona yale machozi, akashtuka kwamba anamuumiza mzee wa watu, mkono ukalegea.

Akatulia. Macho yakamtoka.

"Unanguruma!" alipiga kelele. "Dokta, unanguruma! Kama lori linalopanda mlima kule mbali usiku... mtu anarudi kulala, halafu linapanda tena! Kilango cha kushoto kimebana, Dokta, kimebana!"

"Usimpigie kelele mgonjwa," Dokta Teodora alisema bila kutikisa uso. Lakini Ndalahwa, aliyekuwa amegeuka na kutazama chini, aliona ncha ya kiatu chake kimoja ikipigapiga sakafu kwa furaha.

Ndalahwa alipokuwa anafunga vifungo vya shati, daktari alimwinamia. "Mzee Ndalahwa, mchana usikose ukumbini. Leo tunatoa tuzo. Mlete na mama. Miaka yote hii sijawahi kumwona."

*

Chuo kizima kilikuwa juujuu. Tuzo hazikuwahi kutolewa pale. Lakini tangu serikali ilegeze kamba za biashara, mjini kila kukicha paliibuka jambo jipya: viwanda vya minofu ya sangara, maduka ya redio, marobota ya mitumba. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Karan, alikuwa amekiletea chuo vikombe viwili vinavyong'aa, kimoja cha utafiti bora, kingine cha mwalimu bora. Cha utafiti kingeamuliwa na jopo. Kuhusu cha mwalimu, wanafunzi walikataa katakata kuchaguliwa mshindi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, hata wauza karanga walikuwa wanazungumzia kampeni. Wakadai kura, wakapewa kura.

Ndalahwa aliteremka taratibu hadi Mabatini. Alipitia kwenye baraza la duka la Taherali, mahali alipoweka cherehani yake. Mitumba ilipoingia watu waliacha kushonesha nguo mpya, na sasa kazi yake kubwa ilikuwa kukata miguu ya suruali za Wazungu warefu.

"Fundi, mbona unameremeta hivyo?" Taherali alimuuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Nimealikwa kwenye sherehe ya madaktari."

"Basi vaa ile koti ya kijivu. Mwenyewe hajaja kuchukua. Leo ni yako, kesho rudisha."

Nyumbani alimkuta mkewe, Selina, akichambua dagaa kwenye ungo. Alimweleza kwa pupa, akirukaruka maneno: kijana alivyokwama, alivyosikia, kiatu cha daktari. Selina hakuinua kichwa.

"Baba Luhaga, nikuulize," alisema. "Huo ugonjwa wanaujua?"

"Wanaujua sana."

"Jina lake wanalijua, sauti yake wanaijua, mahali ulipo wanapajua. Mbona hawautoi?"

Ndalahwa alikaa kwenye kigoda. Neno lile alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Nitakwambia mimi," Selina aliendelea, na dagaa mmoja alivunjika mkononi mwake. "Wanakufuga. Ukipona watamfundishia nani? Kila mwaka wanakulaza, wanakugeuza kama samaki wa kubanika, unarudi huku unahema. Leo na mimi nakwenda. Nakwenda kumwambia huyo daktari wako kwamba basi, imetosha."

"Mama Luhaga, leo ni sherehe."

"Ndiyo. Nitavaa vizuri."

*

Ukumbi ulikuwa umefurika hadi madirishani. Wauguzi walikaa mbele na kofia zao nyeupe, wanafunzi nyuma wakiimba na kupiga meza, na vikombe viwili vilikaa juu ya kitambaa cha mezani vikimeta kama maji ya ziwa saa sita. Ndalahwa na Selina walipata nafasi kwenye benchi la mwisho. Koti la kijivu lilimbana kwapani. Selina alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa barazani kutoa ushahidi.

Kikombe cha utafiti kilikwenda kwa Dokta Teodora. Shangwe zilipotulia, aliombwa aseme neno, naye akasema machache.

"Tulikwenda shule za msingi za Ilemela," alisema. "Tulisikiliza vifua vya watoto, darasa kwa darasa, wakiwa wanacheka kwa sababu chuma ni baridi. Tuliwakuta wenye mioyo iliyoanza kuharibika kwa sababu ya koo ambalo halikutibiwa. Wazazi walikuwa hawajui. Walimu walikuwa hawajui. Sasa watoto wale wanachomwa sindano kila mwezi ili ugonjwa usiendelee, na tunaomba Mungu wakue. Waliowagundua ni wanafunzi hawa mnaowaona wanapiga meza. Waliijua ile sauti kwa sababu walikuwa wameshaisikia kwa mtu, hapa hapa mlimani."

Hakutaja jina. Selina aligeuka akamtazama mumewe. Ndalahwa alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha likaletwa sanduku la kura, boksi la sabuni lililopasuliwa tundu juu. Mkuu wa chuo, Bwana Alexander, mtu mwenye miwani na heshima zake, alianza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Dokta Teodora." Shangwe. "Dokta Teodora." Shangwe. "Mwalimu Jonathan." Shangwe kidogo. "Mzee..." Akasita. Aligeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. "Kura iliyoharibika."

Akaiweka pembeni. Akasoma nyingine mbili, akasita tena. "Imeharibika."

Minong'ono ikaanza nyuma. Iliyofuata nayo ikaharibika. Na nyingine. Ndipo Shimba, aliyekuwa amesimama juu ya benchi, akashindwa kuvumilia.

"Mkuu, haijaharibika! Soma jina!"

"Kijana, shuka chini. Anayepigiwa kura ni mwalimu wa chuo hiki. Mtu aliyeandikwa hapa si mwalimu."

"Ametufundisha!"

"Ni mgonjwa!"

"Ndiyo, na ametufundisha!"

Ukumbi ulilipuka. "Soma! Soma! Soma Ndalahwa!"

Kusikia jina lake likirushwa hewani namna ile, Ndalahwa alihisi damu ikimpanda hadi kwenye masikio. Kwanza ilikuwa furaha tupu, kama mtoto aliyeinuliwa mabegani. Papo hapo ikaja aibu. Aliliona koti la mtu mwilini mwake. Aliliona lile rundo dogo la karatasi pembeni ya meza, zimetengwa kama nguo iliyokatwa vibaya. Alishika ukingo wa benchi ili ainuke aondoke taratibu, watu wasimwone.

Lakini mtu mwingine alikuwa ameshainuka.

"Mheshimiwa!" Selina aliita. Sauti iliyozoea kuwaita wateja sokoni haikuhitaji kipaza sauti. Ukumbi mzima uligeuka. "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mke wa huyo unayemharibu."

Kicheko kilipita, kikafa.

"Mimi sikuja hapa kwa ajili ya kikombe," alisema. "Nilikuja na maneno yangu mengine, na nitayasema kwa mwenyewe. Lakini hili siwezi kulinyamazia. Mume wangu anapanda kilima hiki anahema. Akifika mnamvua shati. Mnamsikiliza, nyinyi na watoto wenu, mwaka baada ya mwaka. Hapo hajaharibika. Sasa jina lake likiandikwa kwenye karatasi ndiyo linaharibika? Mume wangu si kura iliyoharibika, mheshimiwa. Msome. Akishindwa, ashindwe kama wenzake."

Upepo ukasikika ukisukuma dirisha. Bwana Alexander alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama Dokta Teodora kama anayeomba msaada. Dokta Teodora alikuwa anapigapiga sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Marahaba, mama," Mkuu alisema hatimaye. Alivuta lile rundo la pembeni. Akasafisha koo. "Mzee Ndalahwa."

Ukumbi uliruka. Vigelegele vya wauguzi vilipasua bati. "Mzee Ndalahwa. Dokta Teodora. Mzee Ndalahwa. Mwalimu Jonathan. Mzee Ndalahwa!" Kila jina lilipigiwa meza kama ngoma, walimu wenyewe wakawa wanasimama kuchungulia, Mwalimu Jonathan akifuta jasho na kucheka. Ndalahwa hakujua tena amekaa au amesimama. Kuna wakati alikuwa mbele. Kuna wakati Dokta Teodora alimpita. Selina, ambaye alikuwa bado hajaketi, alikuwa akihesabu kwa vidole na kukosea, akianza upya, akikosea.

Dokta Teodora alishinda, kwa chembe ndogo. Ndalahwa alikuwa wa pili.

"Nami," Bwana Alexander alisema, akiinua karatasi ya mwisho, "nimepata kura moja. Na hiyo niseme ukweli, nilijipigia." Akacheka yeye wa kwanza, na kicheko kile kikamfungua kila mtu. Wanafunzi walimwagika kuelekea benchi la nyuma. Shimba alifika wa kwanza. Walimwinua Ndalahwa juu kwa juu, koti la kuazima likaachia mshono kwapani kwa mlio aliousikia vizuri kuliko kelele zote, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali mshono.

"Mwekeni chini!" Dokta Teodora alikuwa akipiga kelele kutoka jukwaani, vikombe viwili kifuani kama mapacha. "Moyo, nyinyi! Mnasahau moyo! Mshusheni taratibu!"

Wakamshusha taratibu, kama yai.

*

Pilau ilipoanza kupakuliwa uani, Selina alimfuata Dokta Teodora pembeni. Ndalahwa aliwaona, akaenda nyuma yao akihofia. Shimba naye alimfuata, hakutaka kumwachia.

"Nilikuja kukwambia neno, daktari," Selina alisema.

"Liseme, mama."

"Huo ugonjwa mtautoa lini?"

Dokta Teodora aliweka vikombe chini, kwenye ukingo wa ukuta. "Hapa hatuna uwezo wa kukifungua kile kilango, mama. Wanaofanya kazi hiyo wako mbali. Nimeomba, nimekataliwa, nimeomba tena. Naweza kumpa dawa, naweza kumzuia asibebe mizigo. Kukuahidi zaidi ya hapo ningekuwa nakudanganya."

"Na wale watoto wa Ilemela?"

"Wale tumewawahi."

Selina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, na Ndalahwa, aliyemjua, aliona jinsi alivyokuwa akiyatafuta sasa asiyaone yalipo.

Shimba, kwa furaha zake na kwa kutojua, alivua stetoskopu shingoni. "Mama, unataka kusikia? Ni rahisi tu. Njoo nikuonyeshe."

Selina aliutazama ule mpira mweusi. Kisha akautazama uso wa kijana, uliokuwa bado unang'aa kwa jasho la ushindi, na akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nausikia kila usiku, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye ninayelala upande wa kushoto."

Shimba akashusha mkono. Dokta Teodora aliangalia chini.

Hawakukaa sana. Wanafunzi waliimba kuwasindikiza hadi lango, wakarudi kwenye pilau. Njia ilishuka katikati ya majabali, na chini yao mabati ya Mabatini yaliwaka jua la alasiri. Ndalahwa alikuwa akizungumza bila kituo: umeona Mkuu, umesikia vigelegele, na koti hili nitalishonaje kabla ya kesho. Selina alikuwa ameweka kiganja mgongoni kwa mumewe, hakisukumi wala hakivuti. Kila walipofika kwenye jiwe la kukalia alisimama yeye kwanza, akajifanya yeye ndiye aliyechoka, akangoja hadi kiganja kimwambie kwamba moyo wa mumewe umetulia, wanaweza kuendelea.