Kola ya Lesi

Lavinia Broadnax alikwenda kwenye tiba ya mazungumzo kama alivyokwenda kwenye kila mtihani maishani mwake: amejiandaa. Alifika mapema, gauni limenyooka, nywele zimelala, majibu yamepangwa kichwani. Majira yote ya baridi, kila Alhamisi jioni, aliketi kwenye chumba cha Daktari Tolliver, juu ya saluni, pamoja na wanawake wenzake weusi wa Birmingham, akaeleza maumivu yake kwa sentensi zilizokamilika. Alikuwa mfamasia. Alijua kupima kila kitu, hata uchungu.

"Mtazameni huyu," alisema Patrice, fundi bomba mwenye mdomo usio na breki. "Analia na wanja hausogei! Shoga, hata machozi yako unayapiga pasi?"

Wakacheka wote. Lavinia naye akacheka, kwa kiasi kinachofaa.

Kilichomleta pale ni sentensi moja. Mama yake, Ozella, ndiye aliyewagawia watoto wa kanisa la Kanaani Mpya mashairi ya kukariri mbele ya watu siku ya Pasaka tangu Lavinia akiwa mdogo, na safari hii, miezi kabla ya sikukuu, alimpa mjukuu wake shairi refu kuliko yote. Nylah alikuwa na miaka minane. Jioni moja jikoni aliteleza kwenye ubeti wa pili, na Lavinia, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, Nylah."

Mtoto hakulia. Alisema samahani, akasema tena samahani, kisha akapeleka mkono nyuma ya shingo akaanza kujikuna. Lavinia alipogeuka, kucha za mwanawe zilikuwa na damu. Na alichokisikia masikioni hakikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ya Ozella, ndani ya gari la zamani, Pasaka ya zamani. Kesho yake akampigia simu Daktari Tolliver.

Miezi ikapita na Nylah bado alijikuna. Alhamisi ya mwisho kabla ya Pasaka, daktari alivua miwani akaiweka mezani.

"Dada Broadnax, leo sitaki maelezo. Simama utoe shairi lako. Lile ulilopewa ulipokuwa na umri wa Nylah."

Lavinia akasimama. Akalitoa lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Wanawake wakapiga makofi.

"Vizuri," alisema daktari. "Sasa rudia. Safari hii sahau."

"Siwezi."

"Hiyo ndiyo kazi ya leo."

"Daktari, mimi sijui kusahau."

"Uliwahi kujua. Anzia hapo."

Akaanza. Alipofika pale alipokwama utotoni, akafunga mdomo. Alisikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma kule chini, jasho likamtoka kwapani kama yuko mbele ya kanisa zima. Akatafuta sentensi nzuri ya kujiokoa, hakuiona.

"Polepole, mtoto," alisema Patrice, na mara hii hakutania. Alisema kama watu wanavyosema kanisani mtoto akikwama. "Chukua muda wako."

"Tupo, binti," akaongeza mwingine. "Hakuna anayekukimbiza."

Ndipo yakamtoka, vipande vipande, bila mpangilio. Jumamosi ya kuamkia Pasaka ile. Mama anamchoma nywele zinyooke, jikoni, kitana cha chuma kinapata moto juu ya jiko. Baba anaingia amelewa. Maneno, kofi kwa mama, kitana kinaanguka, na kinaanguka juu ya shingo ya binti. Asubuhi, mama anamfunga kola ya lesi iliyopigwa wanga, juu kabisa, hadi kwenye nywele. Simama wima, toa shairi, mtu asione kitu. Akasimama wima. Wanga ukala kidonda, na maneno yakaondoka.

"Na kanisa lilisemaje?" aliuliza daktari.

"Walisema kama alivyosema Patrice. Kanisa zima."

"Uliwasikia?"

"Nilisikia kola." Alijifuta uso, kiganja kikarudi cheusi. "Halafu ndani ya gari Mama akasema aliniomba kitu kimoja tu."

Patrice akampa karatasi laini. "Haya sasa. Wanja umemwagika. Karibu, dada, tulikuwa tunakungoja."

Jumamosi Ozella alikuja kama kawaida yake, bila kubisha hodi, na kofia yake ya kesho ndani ya boksi. Kwenye meza ya jikoni, kando ya sukumawiki zilizokuwa zikisubiri kuchambuliwa, aliweka kitana cha chuma na kifurushi cha kitambaa cheupe.

"Mlete mtoto nimchome nywele."

"Nimeshamsuka, Mama."

"Misuko? Siku ya Bwana kufufuka? Watu watasema mtoto hana mama."

"Waseme. Mama anaye."

Ozella alimwangalia kwa jicho lile lililokuwa likinyamazisha safu nzima ya kwaya. Kisha akafungua kifurushi. Kola ya lesi ilikuwa imefuliwa, imepigwa wanga, imekauka kama kadibodi. Nylah, aliyekuwa mlangoni, akanyoosha kidole kuigusa.

"Nzuri, Bibi."

"Mama yako aliivaa. Kesho utaivaa wewe."

Lavinia alihisi sentensi zake nzuri zikijipanga: labda mwaka mwingine, labda haiendani na gauni. Akaziacha zipite.

"Nylah, nenda chumbani kidogo, mwanangu." Mtoto alipoondoka, akasema, "Hiyo kola haitagusa shingo ya mwanangu."

"Ina kasoro gani?"

"Unajua ilifunika nini."

Maneno hayo hayakuwahi kutamkwa kati yao, si kwenye mazishi ya baba, si popote. Ozella alitazama jiko, kana kwamba kitana kilikuwa bado juu yake.

"Nilikulea ukawa mtu," alisema. "Unavaa koti jeupe, watu wanakuita daktari. Unadhani ulifikaje? Wenzako wa kizungu walikosea wakasamehewa. Wewe hukuwa na ruhusa hiyo. Nilijua, nikakufunza."

"Ulinifunza, Mama. Na shule yako mwanangu haendi."

Ozella alichukua boksi la kofia, akaacha kitana, akaacha kola. Mlango ukafungwa kwa adabu. Lavinia akavisogeza vyote viwili kando. Kisha akachambua sukumawiki, maana Pasaka haisubiri mtu.

Jumapili, Kanaani Mpya ilijaa hadi ngazini. Kofia za akina mama wa kanisa zilisimama kama bustani. Ozella aliketi benchi la mbele, kofia ya zambarau, mkoba magotini. Lavinia akaketi kando yake, maana hapo ndipo akina mama huketi, ili mtoto akikwama wamtamkie neno kwa midomo, bila sauti. Hawakusalimiana zaidi ya "Pasaka njema."

Watoto wadogo walipita, mmoja akalia, mmoja akapungia watu mkono akasahau kushuka. Kisha ikawa zamu ya Nylah. Misuko yake ilikuwa na shanga nyeupe, shingo yake iko wazi. Akaanza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Ubeti wa kwanza ukaisha salama. Kwenye wa pili, akanyamaza.

Lavinia alilijua neno. Lilikuwa tayari kwenye midomo yake, midomo imeshaanza kulitengeneza. Macho ya Nylah yalikuwa juu ya mdomo huo, yakiomba. Kiwiko cha Ozella kikamgonga ubavuni.

"Mpe neno," Ozella alinong'ona. "Mtoto anaaibika."

Mkono wa Nylah ukapanda nyuma ya shingo.

Lavinia angempa neno, shairi lingekwisha vizuri, watu wangesema mtoto wa Broadnax ana akili. Na mwakani mtoto angesimama tena pale akiutazama mdomo wa mama yake. Alisimama. Hakuna mama aliyewahi kusimama katikati ya shairi. Alihisi macho ya benchi zote nyuma yake yakimgeukia.

"Polepole, mwanangu," alisema, na sauti ikapasuka, akaiacha ipasuke. "Chukua muda wako. Hata lisipokuja, ni sawa."

"Ni sawa, mtoto!" mama mmoja wa kanisa akaitikia.

"Tupo, Nylah!"

"Hewala, binti!" Mpiga kinanda akagusa sauti moja laini. Kanisa zima likaingia, makofi polepole, sauti juu ya sauti, na safari hii Lavinia alilisikia kila neno.

Mkono wa Nylah ulibaki shingoni muda mfupi. Kisha ukashuka.

"Nimesahau," aliambia maikrofoni. Akafikiri. "Lakini Yesu amefufuka. Hiyo naikumbuka."

Kanisa likalipuka. Mzee mmoja wa kwaya alicheka hadi akapiga kiti. Ozella peke yake hakupiga makofi. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Baada ya ibada alimkuta Lavinia kwenye maegesho ya magari. Alikuwa amevua kofia.

"Nilidhani wakiiona shingo yako, wataiona nyumba yangu yote," alisema. "Wangemwita polisi. Ungepelekwa kwa watu nisiowajua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Lavinia."

"Najua, Mama. Mimi nilikuwa na minane."

Ozella hakuomba radhi. Lavinia hakungoja, alikuwa amekuja na nguvu za jambo moja tu, na jambo lile lilikuwa limekaa ndani ya gari, likila yai la chokoleti.

"Chakula ni saa nane," alimwambia mama yake. "Ukija, usimseme mtoto. Ukimsema, nitakusindikiza mlangoni mimi mwenyewe. Makaroni yako tunayahitaji lakini."

"Makaroni yangu," alisema Ozella, "hayajawahi kukosa Pasaka," na akaenda kwenye gari lake akiwa na kofia mkononi.

Lavinia aliingia nyuma ya usukani. Nylah akamtazama kwenye kioo.

"Mama, umekasirika?"

Jibu sahihi lilikuwa hapana. Lavinia alilijua.

"Kidogo," alisema. "Si kwako. Na mikono bado inatetemeka, tazama."

Nylah akajisogeza katikati ya viti, akaiangalia mikono kwa makini. Kisha akamega kipande cha yai, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Chukua muda wako," alisema.

Lavinia akala. Chokoleti ikamdondokea kwenye gauni jeupe, mbele, mahali ambapo kila mtu angeiona. Akaiangalia, akawasha gari.