Mbegu Tatu kwa Kila Shimo

Ugonjwa wa ubwiriunga uliponyausha mikorosho ya marehemu mama, ilibaki miwili tu iliyozaa vizuri. Mimi na mdogo wangu Pili tukaahidiana kwamba korosho zake zote zitakuwa mbegu, tupande upya shamba la Newala kwa ajili ya wajukuu. Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wakawa wanapita mpaka mlangoni na mizani zao. Tuliwakatalia.

Kwetu shimo moja hupandwa mbegu tatu, kwa hiyo tulichagua tatu tatu. Mimi nilitia guniani, Pili akashika hesabu kichwani. Gunia likakaa kwake. Ndiye aliyeona paa langu linavuja, akanionea huruma.

Mvua zilipoanza akalileta. Nililiona jepesi, nikamwuliza zilikuwa ngapi.

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili, dada. Ndizo tulizohesabu siku ile, na jana nimezirudia. Haijapungua hata moja."

Katika kisomo cha watu wazima, mwalimu Modest, kijana wa Songea aliyekuwa akibaki na mimi wenzangu wakishaondoka, alinifundisha kwamba namba hata iwe kubwa namna gani, ukijumlisha tarakimu zake utajua kama inagawanyika kwa tatu. Moja na nne, tano. Na moja, sita. Na mbili, nane. Nane ukiitoa tatu tatu, zinabaki mbili. Sisi hatukuwahi kutia mbili.

Nilimweleza taratibu, nikitumaini atasema panya. Nilikuwa tayari kuwaamini panya.

"Hizo hesabu za shule," akacheka. "Mbegu hazijasoma."

"Lakini mikono yetu ilitia tatu tatu, Pili."

Akakaa chini. Akasema alimuuzia mnunuzi wa Masasi, mara ya kwanza kidogo, halafu tena. Hakuwa na mgonjwa wala njaa. Kila mtu alikuwa anauza, akaona zimelala bure. Idadi aliyonitajia ni ya zilizosalia.

Huyu ndiye aliyeniuguza hospitalini Ndanda, akanilisha uji kwa kijiko. Angeniomba, ningempa zote.

Tulipanda mpaka mbegu zikaisha, upande mmoja wa shamba ukabaki mtupu. Tangu azaliwe nimemwita kwa jina lake. Kesho yake alipopita akaniamkia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mama Husseni," nikamwitikia, kama ninavyowaitikia majirani.

Alisimama kidogo njiani, kisha akaenda.